Kona ya Lamduan

Mume wake alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ukuta wa matofali, na midomo yake ilikuwa ikienda.

Buppha alisimama nyuma ya sanamu ya Buddha isiyo na kichwa, mkononi ameshika kifurushi cha wali na samaki wa kukaanga. Asubuhi ile Thawin alikuwa amesahau chakula chake mezani. Badala ya kukiacha kama alivyozoea, Buppha alifunga mapema kibanda chake cha chapati za nyuzi za sukari, akapanda pikipiki na kuvuka daraja hadi kwenye magofu. Alikuwa ameishi Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, miaka yake yote arobaini na mitatu, akiipita minara ya wafalme kila siku kama mtu apitavyo kando ya miti; lakini katika hekalu hili dogo la nyuma, ambalo hata wageni hawalijali, hakuwahi kutia mguu. Waashi wengine walikuwa wamekwenda kula. Thawin alibaki peke yake kwenye kona ya mashariki ya chedi, mnara ule wenye umbo la kengele, akizungumza na matofali.

Maneno yenyewe hayakumfikia. Alichokiona kilimtosha. Mtu huyu, ambaye nyumbani angeweza kumaliza juma zima kwa "ndiyo", "bado" na "nimeshiba", alikuwa anasimulia. Alinyamaza kidogo, akatabasamu kama aliyejibiwa, kisha akaendelea.

"Shemeji, umekuja kufumania?"

Alikuwa Mzee Phuang, fundi mkuu wa kikosi, akitoka kivulini huku anachokonoa meno.

"Nimemletea chakula," Buppha alisema.

"Na umejificha nyuma ya Buddha ili kisipoe?" Mzee alicheka kimyakimya. "Usijisumbue. Wanawake wa humu ndani wote waliisha Waburma walipouchoma mji, enzi za wafalme. Huna mshindani."

Buppha naye alicheka, kwa kuwa ilimbidi. "Anaongea na nani?"

Kijiti kilitulia kati ya meno ya mzee. Alitazama ukuta, akamtazama Buppha, akaonekana anajuta kutoka kivulini. "Ile kona aliijenga marehemu," alisema. "Lamduan."

Buppha alikuwa anajua mambo mawili tu juu ya mke wa kwanza wa mumewe: jina lake, na kwamba maradhi ya damu yalimwondoa miaka saba iliyopita. Hakutaka kujua la tatu. Siku alipohamia kwa Thawin, miaka minne nyuma, aliomba picha ya marehemu iliyokuwa sebuleni ipelekwe kwa mama mzazi wa Lamduan. Thawin aliitungua jioni ileile bila kubisha neno, na Buppha aliuhesabu ule kuwa ushindi.

Mzee Phuang, akitafuta njia ya kutoka katika mazungumzo yale, alichutama kwenye karai na kuanza kukoroga chokaa. Mvuke mzito ukampanda Buppha puani. Aliijua harufu ile kuliko alivyoijua harufu ya mwili wake.

"Hiyo ni sukari," alisema.

"Asali ya miwa, imechemshwa. Ndivyo wazee walivyojenga. Chokaa peke yake haishiki. Na hakuna aliyempita Lamduan kuichanganya. Yule binti nywele zake zilinukia sukari hata akitoka kuoga."

Alilisema kwa moyo mweupe. Buppha aliweka kifurushi juu ya jiwe. Alikumbuka jinsi Thawin alivyomposa. Mwaka mzima mwanamume yule alifika kibandani kila jioni, akasimama karibu na sufuria kubwa ya sukari inayochemka, akafumba macho, akanunua chapati ambazo mara nyingi alizisahau juu ya meza. Majirani walikuwa wakimtania Buppha kwamba amempata mteja asiyejua kula. Naye alidhani ni haya. Alidhani anafumba macho kwa sababu hathubutu kumtazama.

*

Jioni, wakiwa kwenye mkeka, alimwacha amalize bakuli la kwanza.

"Ulikuwa unakuja kibandani kwa ajili yangu, au kwa ajili ya sufuria?"

Mwanzoni Thawin hakuelewa. Kisha akaelewa, na Buppha aliuona ule uelewa ukimshuka usoni polepole, kama maji yanavyoshuka ukutani.

"Mwanzoni, sufuria," alisema. "Baadaye, wewe."

"Baadaye lini?"

Thawin alijipakulia wali bakuli la pili. Kumbe mtu anaweza kusema kweli ikaumiza kuliko uongo wa mwaka mzima.

"Na pale ukutani unamwambia nini?"

"Mambo ya kawaida tu. Mvua. Bei ya mchele. Mbwa wa jirani."

"Mambo ya kawaida ni yangu mimi," Buppha alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno hata yeye mwenyewe akashangaa. "Mambo makubwa mpe yeye, simkatazi. Kulia mlilie. Lakini mbwa wa jirani ni wangu, Thawin. Mimi ndiye ninayeishi naye."

Thawin alisukuma bakuli pembeni. "Yumo mle," alisema.

"Nani?"

"Lamduan. Majivu kidogo. Alipokufa, kona yake ilikuwa haijafungwa. Niliyaweka nikafunga mimi mwenyewe. Anajua Mzee Phuang peke yake. Wakubwa wakijua nafukuzwa kazi, na pengine nafikishwa mahakamani."

"Na sasa najua mimi."

"Na sasa unajua wewe."

Buppha alilala akimpa mgongo. Siri ile alikuwa amekabidhiwa kama mtu anavyokabidhiwa kisu, mpini ukiwa upande wake, na usiku kucha aliushika.

*

Mwezi uliofuata mto ulijaa. Kikosi kilihamishiwa Lopburi kwa siku kumi kuokoa lango lililokuwa linaanguka, na Mzee Phuang alibaki kwa sababu ya goti lake. Siku ya tano alimpigia Buppha simu.

"Shemeji, ile kona imevimba. Maji yameingia, imefanya tumbo. Mhandisi amekuja leo, anasema ibomolewe. Kesho kutwa asubuhi kinaingia kikosi kingine, watu nisiowajua." Alipumua. "Nimempigia Thawin tangu jana, hapatikani. Na mimi goti hili halinipandishi ngazi."

Buppha alikuwa anakanda unga. Aliendelea kukanda.

"Shemeji, unanisikia?"

"Nakusikia, mzee. Nitaona."

Siku ile alisukuma chapati mia mbili, na katika kila moja aliona jambo lilelile. Tofali linang'olewa. Vifusi vinamiminwa katika toroli. Mtu asiyejua anachokimwaga anakimwaga mtoni. Asingehitaji kufanya lolote, ingetosha asifanye. Hakuna ambaye angemuuliza, kwa kuwa hakuna ambaye angejua kwamba aliambiwa, ila mzee mwenye goti bovu. Na Thawin angerudi, angekwenda kuuegemea ukuta, na ukuta ungekuwa ukuta. Furaha aliyoipata kwa wazo lile ilikuwa safi kabisa, haikuchanganyika na aibu hata chembe. Jambo hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Kesho yake, saa sita mchana, alikwenda. Si wema uliompeleka. Alitaka kumwona Lamduan.

Mzee Phuang alisimama chini ya jukwaa la mianzi akiwa na mwavuli, akijifanya analinda vifaa. Buppha alipanda na mwiko wa uashi kiunoni. Mzee alikuwa amemwelekeza: safu ya saba kutoka juu, tofali lenye alama ya dole gumba kwenye chokaa. Aliliona upesi. Alibandika dole gumba lake pale, likajaza alama yote na kuimeza. Chokaa iliyoloa ilikatika kama keki. Tofali likatoka, na nyuma yake palikuwa na tundu, na ndani ya tundu hakikuwemo chombo cha fedha wala kile cha kauri ya kijani alichokuwa amekitazamia wiki zote zile. Palikuwa na kichupa cha dawa ya kuchua, kile ambacho mama yake mwenyewe hujipaka kifuani akikohoa. Kifuniko chake kilikuwa kimezungushiwa uzi.

Alikifunika kiganjani. Vidole vyake vikakutana upande wa pili.

"Alikuwa mdogo?" aliuliza kutoka juu.

"Nani?"

"Lamduan. Wa mwili."

"Mdogo sana. Akikaa kwenye benchi letu miguu haigusi chini."

Miaka minne Buppha alikuwa amegombana kichwani mwake na mwanamke mrefu. Alikuwa amempa shingo ndefu, mwendo wa madaha na sauti ya kutuliza watoto. Alirudisha tofali mahali pake, akashuka na kichupa, na alipofika chini hasira ilimpanda upya: hata urefu wa yule mtu hakuwahi kuambiwa.

"Usimwambie Thawin," alimwambia mzee. "Nitamwambia mwenyewe."

"Lakini utamwambia?"

"Nimesema nitamwambia."

*

Alikificha kichupa sandukuni, chini ya nguo yake ya harusi. Alikuwa amepanga kukitoa mara tu Thawin atakapoweka mzigo chini. Lakini Thawin alikuwa amepata habari akiwa njiani. Aliuacha mzigo mlangoni bila kuvua viatu na kugeuka kwenda kwenye magofu, na Buppha, aliyekuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, alimwacha aende.

Alirudi magoti yakiwa meupe kwa chokaa. Alifungua bomba la uani, akanawa mikono. Alinawa muda mrefu sana. Buppha alisimama nyuma yake na taulo, na badala ya kusema aliwaza: mimi nikifa, atanawa mikono muda mrefu hivi? Akaitundika taulo kwenye kamba, akaingia ndani.

Siku tatu hakusema. Alikuwa akingojea jambo moja, ingawa asingekubali kulikiri hata moyoni mwake. Alikuwa ameamini kwamba maneno yale yote yaliyokuwa yakienda ukutani, ukuta ukiondoka, yangerudi nyumbani. Yalikuwa na haki gani ya kwenda kwingine? Lakini Thawin alikula, akasema ndiyo, akasema bado, akasema nimeshiba. Jioni ya tatu hakusema hata hayo. Mbwa wa jirani alizaa watoto watano chini ya ngazi yao, na Thawin akawaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Maneno hayakuhama. Yalikuwa yamekufa palepale. Buppha, akimtazama, aliona kwamba ameshinda, na kwamba nyumbani sasa hakuna mtu.

Siku ya nne ilikuwa siku ya ibada. Hakufungua kibanda. Alivaa sketi yake ya hariri, akasimama mbele ya mumewe.

"Nipeleke kwenye magofu."

"Unayajua."

"Nayapita. Sijawahi kupelekwa."

Walikwenda kwa miguu, baada ya kutoa sadaka ya wali kwa watawa. Ndani, wasichana waliokodi mavazi ya kifalme walikuwa wakipigana picha mbele ya minara iliyoinama. Thawin alitembea mbele, bila haraka. Kwa kuwa alikuwa fundi, na fundi hawezi kupita kazi bila kuigusa, alianza kunyoosha mkono hapa na pale: huu ukuta ni wa kale wote, huu hadi hapa ni wa kale, kutoka hapa ni wetu. Sauti yake ilikuwa kavu. Buppha aliuliza maswali, naye akajibu. Hawakuwa wamezungumza kiasi kile tangu mvua zianze.

Kwenye hekalu la nyuma, kona ya mashariki ilikuwa imefika kiunoni kwa matofali mapya, mekundu kupita yale mengine. Thawin alisimama mbali nayo.

"Hakuwemo walipobomoa," Buppha alisema. "Nilimtoa mimi."

Ndege wawili walikuwa wakigombana ndani ya nyufa za mnara. Thawin aligeuka polepole.

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Yuko salama."

Thawin aliketi juu ya msingi wa nguzo. Alipoinua uso, haukuwa na shukrani. "Siku nne, Buppha. Ulinitazama siku nne."

"Nilikutazama."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema alikuwa anatafuta wakati mzuri. Angeweza kusema aliogopa. "Kwa sababu siku nne ni chache," alisema. "Mimi nimekutazama miaka minne."

Thawin alichukua kipande cha chokaa kilichodondoka, akakisaga kati ya vidole hadi kikawa unga. Buppha aliona kwamba angeweza kuinuka na kuondoka, na kwamba angekuwa na haki. Alisema lile aliloogopa kulisema kuliko yote, na alilisema kwa ukali, kwa kuwa kwa upole lisingetoka.

"Nitakupa. Yeye ni wako, sikunyimi. Lakini kwanza niambie alikuwa mtu wa namna gani."

"Ulisema hutaki kusikia jina lake."

"Nilisema. Sasa nataka."

Thawin alimtazama kama anayepima iwapo ukuta utabeba uzito.

"Mvivu wa kuamka," alisema. "Na hakujua kupika."

"Hata wali?"

"Hata wali. Ulitoka uji, au ulitoka kokoto."

Buppha aliuma mdomo. Kijicho kilikuwa bado kimo, kimeketi palepale kilipoketi siku zote chini ya mbavu, na alijua kwamba kila atakaloambiwa kitalila na kunenepa. Hata hivyo alikunja sketi yake ya hariri, akaketi juu ya msingi ule, bega lake karibu na la mumewe.

"Na ulikuwa unakula?" aliuliza.

"Ee," Thawin alisema. "Siku moja, ngoja nikwambie..."