Nyumba Iliyosindikiza Wageni

Asubuhi ya kurudi mjini, Chausiku alikuwa amepiga magoti uani kwa mama yake, kijijini Kinole, akifunga mkungu wa ndizi kwa kamba za mgomba. Mumewe Hatibu alikuwa pembeni akiisugua pasi yake kwa majivu. Hatibu alikuwa dobi wa bwana mmoja wa Kijerumani kule Morogoro, na pasi hiyo ya mkaa alikuja nayo milimani ameipakata njia nzima kama mtoto mchanga, maana mjini siku hizo ukiacha hata kivuli chako nje unakikuta kimebebwa.

Bwana alikuwa amekwenda pwani kupunga upepo. Bwana asipokuwepo hachafui nguo, na dobi asiye na nguo chafu hana kazi, basi Hatibu akapewa ruhusa. Mke na mume wakapanda kwa mkwe, wakala magimbi na fenesi, wakalala mpaka jua likawachungulia. Sasa bwana alikuwa anarudi na gari moshi la kesho, na akiteremka ni lazima aikute suruali yake nyeupe imenyooka. Isiponyooka suruali hunyooshwa dobi. Kipimo chake mji mzima walikijua: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na mpigaji hakuwa na haraka.

Bi Mwaisha, mama yake Chausiku, hakutoka nje kuwaaga. Miguu yake ilikuwa imekufa tangu mwaka wa vita, alipojificha mtoni kwenye maji ya baridi. Tangu hapo alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, akiiamuru dunia papo hapo alipoketi. Naye Hatibu, kwa adabu ya mkwe, hajapata kumtazama usoni wala kumwambia neno. Akiwa na la kusema, alimwambia jogoo. Siku hiyo akasimama mlangoni, mgongo kaugeuzia ndani, akamwambia jogoo kwamba wanaondoka, wamekula na wameshiba. Kutoka ndani sauti ikamtuma jogoo amjibu huyo bwana kwamba njia njema, na asije akamuunguza mtoto wa watu na hayo makaa yake.

Kwao mgeni haachiwi mlangoni. Mgeni husindikizwa. Mnatembea naye mkizungumza yale mliyoyasahau ndani, mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Rudi sasa, umefika." Kabla ya neno hilo msindikizaji harudi, hata mvua imnyeshee, kwa kuwa kurudi mapema ni kumfukuza mtu. Mgeni naye akilitoa upesi ataonekana kawachoka wenyeji, na akilichelewesha ni mtesaji.

Bi Mwaisha hakuwa na miguu ya kusindikizia. Kwa hiyo ilisindikiza nyumba.

Chausiku aliisikia nyuma yao walipoimaliza migomba. Ilikuwa nyumba ya kawaida, ya msonge, udongo na nyasi, nayo ilikuwa inashuka mteremko nguzo moja moja, kwa uangalifu wa mwanamke mwenye mtungi kichwani. Moshi ulikuwa unafuka paani. Kuku waliokuwa nje wakiparura waliikimbilia wakilalamika, na jogoo akaruka akakaa kileleni. Jirani yao Asha, aliyekuwa akipalilia, aliinua kichwa akawatakia safari njema. Kisha akauliza kama nyumba itarudi kabla ya jioni, kwa sababu mihogo yake ilikuwa imeanikwa kwenye paa lile.

"Itarudi," alisema Chausiku.

Basi wakaenda. Penye matope nyumba ilipita pembeni, na walipovuka mto iliinua nyasi za upenuni kidogo, kama mtu anavyoinua kanga isilowe. Ndani Bi Mwaisha alikuwa amekumbuka mengi.

"Nilisahau kukuambia. Shangazi yako Pili ameolewa tena."

"Na nani?"

"Na yule yule. Wanasema walipoachana walikosa mtu wa kugombana naye."

Chausiku alicheka mpaka mkungu ukamteleza. Mjini hakuna aliyemwita jina lake. Aliitwa mke wa dobi, na wengine walimwita dobi hivyo hivyo, kwa kufupisha. Hapa alikuwa anaitwa Chausiku na binti Mwaisha, na akikosea aliitwa mbuzi wewe, na yote yalimkaa vizuri. Alijiambia kwamba wakifika kwenye ule mkuyu atalitoa lile neno. Mkuyu ukaja ukapita, mama yuko katikati ya kisa. Akasema basi, kijiji cha Kiroka. Kiroka wakapita.

Hatibu akamsogelea sikioni. "Mwambie arudi. Tunakaribia barabara kubwa."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Yule ni mkwe wangu."

"Basi mwambie jogoo."

Hatibu alimtazama jogoo. Jogoo alikuwa juu mno, na upepo ulikuwa unavuma. Hatibu akainamisha kichwa, akaendelea kutembea na pasi yake.

Bigwa, milima inapoishia na njia kupanuka, palikuwa na askari ameketi juu ya sanduku anapiga mswaki. Kando yake walikuwa wamekaa watu wamefungwa kamba moja, wanaokwenda kwenye kazi ya reli, maana reli iliyofika Morogoro ilikuwa inataka kwenda mbele zaidi, na haikuwa na desturi ya kujibeba. Nyapara wao, mtu mnene jina lake Dadi, alikuwa akiwagawia maji.

Askari aliitazama nyumba tangu ngazi ya mlango mpaka jogoo.

"Hii ya nani?"

"Ya mama yangu," alisema Chausiku. "Inakaa Kinole. Inatusindikiza."

Askari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema naye kalelewa na mama, na adabu kama hiyo siku hizi imepungua. Kisha akasema kwamba, hata hivyo, amri aliyopewa ni kuchukua kila chenye miguu na mgongo kinachopita barabara kubwa bila kibati cha kazi, na amri haikutaja kwamba nyumba zimesamehewa. Dadi alikuwa ameshainuka anaupima mlango kwa mikono. Alisema ndani yataingia mataruma mengi, yale ya kulalia reli, na juu ya paa reli kadhaa, mradi zifungwe vizuri. Mmoja wa wale waliofungwa akajisogeza, kuipisha nyumba ikae.

Hapo ndipo Chausiku akasema. "Mama, rudi sasa. Umefika."

Nyumba ikageuka pale pale kuelekea milimani, kama desturi itakavyo, na nguzo zake mbili zilikuwa zimekwisha kupiga hatua. Lakini Dadi alikuwa ameshapitisha kamba kwenye mwimo wa mlango, na askari alikuwa anapigilia kibati.

"Umelichelewesha, dada," alisema askari, bila ubaya. "Ungelisema kule nyuma kwenye kona, mimi nisingeona kitu."

Hatibu akasema yeye ni dobi wa bwana fulani. Askari akamjibu kwamba ndiyo maana hajafungwa kamba. Hatibu akaomba achukuliwe yeye badala ya nyumba. Askari akaiangalia pasi, akauliza ni nani basi atakayemwambia bwana habari za suruali yake. Hatibu akaiweka pasi chini, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu aoe akautazama mlango wa mkwe wake kwa macho mawili.

"Mama, nisamehe."



"Jogoo," ilisema sauti, "mwambie huyo bwana suruali haijinyooshi yenyewe."

Wakaenda mjini pamoja, nyumba mbele, wao nyuma. Kesho yake, Hatibu akiwa anapuliza makaa, nyumba ilipakiwa mataruma mpaka usawa wa dirisha, Bi Mwaisha akawaelekeza wapakiaji wasimwangushie chungu. Ilipoanza safari ya kuelekea Kilosa, Chausiku aliifuata. Sasa mwenyeji alikuwa yeye, na msafiri alikuwa mama. Alitembea ubavuni mwa ukuta, kiganja kwenye udongo, akimsimulia mama yake habari za mjini alizokuwa amezisahau milimani. Kihonda wakaipita. Mama hakulitoa neno. Aliuliza hiki na kile, akataka kujua bei ya chumvi, akataka kujua mke wa mwuza chumvi ni wa ukoo gani. Kamba ikavutwa mbele, kiboko cha Dadi kikalia kwenye nyasi za paa, mavumbi yakawashukia wote wawili.

"Rudi sasa, mwanangu," alisema Bi Mwaisha. "Umefika."

Chausiku akasimama. Aliyesindikizwa hageuki nyuma, na nyumba haikugeuka.

Gari moshi lilikuja, bwana akateremka, suruali ilikuwa imenyooka. Waliotoroka kazini walileta salamu mara kwa mara. Walisema nyumba imekonda, nyasi zimenyonyoka upande mmoja, lakini inabeba. Walisema bibi aliye ndani hupika magimbi jioni na kuwagawia wapagazi, na hutukana vizuri. Dadi alimwacha jogoo wa bibi aishi, kwa kuwa anawaamsha watu mapema. Reli nayo ilikuwa inasonga, na kila iliposonga, nyumba ilikuwa mbele yake.

Mwaka uliofuata bwana alikwenda tena kupunga upepo, na Hatibu akapata ruhusa. Kinole walikuta duara la udongo mtupu na mafiga katikati, na Asha ameanika mihogo yake hapo chini. Aliikusanya upande mmoja wapate mahali pa kulala. Asubuhi ya kurudi, Hatibu alisimama kwa adabu, mgongo kaugeuzia lile duara, akayaaga mafiga. Chausiku alishuka mteremko polepole, kama mtu anayesindikizwa. Alipita mkuyu, akapita Kiroka, akafika Bigwa, na njia nzima nyuma yake hakukuwa na mtu ambaye yeye angemwambia arudi.