Mbegu za Mama Bonge

Mtoto alipewa jina la Bonge wakati wa mavuno, mashavu yamejaa, tumbo limeshiba maharage, karanga na maziwa ya mbuzi. Mvua zilipokolea, jina likawa kejeli. Mashamba yalinona, Bonge akakonda. Mama yake alidamka kwenda kupalilia mashamba ya watu, akimwacha kwa bibi yake na uji mwepesi hata ungejitazama sura ndani yake. Karanga ziliuzwa, mbuzi naye akafuata. Zilibaki mbegu za maharage tu, zimechanganywa na majivu ndani ya dumu, zikingoja kupandwa.

Kule zahanati, nesi alimzungushia Bonge mkononi utepe wa kupimia utapiamlo. Ukasoma nyekundu, rangi ya hatari.

"Pakiti za lishe zimeisha, Mama Bonge. Mpe maharage, mayai, maziwa. Uji mtupu haujengi mwili."

"Najua, nesi."

"Sasa kwa nini humpi?"

"Niulize wakati wa mavuno."

Akina mama waliokaa kwenye benchi walicheka, lakini hakuna aliyefurahi.

Jioni ile Mama Bonge alimimina kopo la mbegu kwenye beseni, akaosha majivu, akabandika sufuria. Mama mkwe wake alisimama mlangoni.

"Mwanangu, hizo ni mbegu."

"Ni maharage, mama."

"Mla mbegu amekula ya mwakani."

"Mwakani kwa nani, mama, kama huyu hafiki?"

Bibi alichutama, akapuliza moto.

Kila jioni likapikwa kopo lingine, mpaka usiku mmoja mumewe akalikuta dumu tupu. Alifoka mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. "Umetupikia shamba, mwanamke! Shamba zima!" Alipochoka akakaa, akauliza kwa sauti ndogo kama yamebaki. Akakomba sufuria.

Bonge alirudiwa na mwili. Nesi akamtolea mama yake mfano mbele ya akina mama wenzake: "Mwigeni Mama Bonge. Ni kufuata maelekezo tu." Mama Bonge alitabasamu, akamfunga mtoto mgongoni.

Mavuno yalipofika, shamba lao lilikuwa na magugu tu. Mama Bonge akavuna maharage ya jirani kwa ujira wa bakuli kwa siku, na kila bakuli likaliwa siku ileile. Mtoto alinawiri kama watoto wote wa msimu ule. Cha kuweka akiba hakikuwepo.

Mvua zikarudi. Nywele za Bonge zikaanza kupauka tena, naye akaacha kucheza, akawa wa kukaa tu ukutani. Hapakuwa na mbegu ya kupanda wala ya kupika.

Ndipo bibi akaanza kusema kwamba siku hizi jioni hasikii njaa, uzee umemfunga tumbo. Kila mtu mle ndani aliujua uongo huo. Mama Bonge alilipokea bakuli la mkwewe, akamlisha mtoto kijiko kwa kijiko, wala hakusema asante. Aliogopa kwamba akifungua mdomo, atalia.