Do ya Jumapili ya Wageni

Nianze kwa kukiri: nilichemka. Mwaka mzima nilikuwa nawaambia watu kwamba fundi cherehani, mwalimu wa kwaya yetu, hajui wivu ni kitu gani. Kumbe alikuwa nao, tena umeshonwa ukashoneka. Ulikuwa haujapata tu mtu wa kumtosha.

Mtu mwenyewe akaja, akafungua kibanda cha kutengeneza simu mkabala na cherehani ya fundi. Mfupi, mcheshi. Mtaa wetu haumwachi mtu bila kumbatiza upya: kinyozi mwenye upara ni Elisha, muuza nyama mrefu ni Goliathi. Huyu akawa Zakayo, wala hakununa. Akaingia kwaya, sauti ya nne, na haukupita muda akaleta wimbo alioutunga mwenyewe, wa Yona.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mpaka siku hiyo mtunzi alikuwa mmoja, fundi, na fahari yake ilikuwa wimbo wa Ayubu, ambao Elisha alisema una beti nyingi kuliko majipu ya Ayubu mwenyewe. Watu waliuheshimu kama mtu anavyomheshimu mkwe: kwa mbali. Yona alikuwa mfupi, mtamu, akashika kama moto wa makuti. Goliathi alikata mifupa kwa mapigo yake. Hata wasiokanyaga kanisani, mtu akikwama kwenye foleni ya benki utamsikia akisema, "Leo niko tumboni mwa samaki."

Hayo yote fundi angeyameza. Lililomkwama kooni ni mkewe. Mama watoto, sauti ya kwanza, aliosha vyombo na Yona. Alipiga pasi na Yona. Akiinama kutafuta kiatu cha mtoto uvunguni, Yona anatokea huko huko uvunguni.

"Ayubu siku hizi humwimbi," fundi akasema, akijifanya anatunga uzi.

"Ayubu wako anataka mtu akae chini atulie, baba watoto. Mimi nina vyombo."

Akacheka, akaendelea kusugua sufuria. Fundi akajichoma sindano.

Basi ikatangazwa Jumapili ya wageni, makanisa jirani yote yanakuja, na kila kwaya inaimba wimbo mmoja. Wanakwaya wakachagua Yona, mama watoto aongoze. Wakapiga makofi. Fundi naye akapiga, moja tu, kama mtu anayeua mbu.

Sasa, kwaya yetu haina kinanda. Tunaimba kwa mdomo mtupu, na hakuna anayefungua kinywa kabla mwalimu hajagonga gotini kile chuma chake chenye miguu miwili kama uma, akakisikiliza, akatoa do, sauti ya kuanzia. Do ikishatoka, imetoka. Kumbishia ni sawa na kumbishia rubani mkiwa angani.

Siku ikafika. Kanisa limejaa mpaka madirishani. Mama watoto akasimama mbele, ndani ya gauni aliloshonewa na mumewe, akageuka kumtazama Zakayo. Zakayo akamwinulia dole gumba. Mama watoto akatabasamu, tabasamu lile ambalo fundi alidhani lilikwisha enzi za uchumba.

Donge likampanda. Aligonga chuma, akasikia vizuri kabisa kinasema nini, kisha akatoa do yake mwenyewe, juu, huko ambako hata ndege hufikiria mara mbili. Alijua pale Yona anapotemwa ufukweni wimbo unaruka. Wataruka, sauti zitapasuka, Yona atafia mbele ya wageni. Halafu watu watamkumbuka Ayubu.

Alisahau ameoa nani. Mama watoto alikunja uso kidogo tu, akavuta pumzi, akapanda. Wenzake wakamfuata kama watu wanaokimbilia ghorofani maji yakipanda. Walipofika pa kutemwa, akaikamata ile sauti, mishipa ya shingo imemtoka, akaing'ang'ania. Kanisa zima likasimama. Mchungaji mgeni alilia na leso hakuitafuta.

Nyumbani, sauti ya mama watoto haikuwepo tena. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha maji ya moto, akikwaruza kama bawaba isiyo na mafuta.

"Do ya leo uliitoa wapi?"

"Kile chuma... kimezeeka."

"Chuma hakizeeki. Hiyo do naijua kuliko kengele ya shule."

Hodi ikamwokoa fundi, au ndivyo alivyodhani. Ni Zakayo, na tangawizi na asali mkononi.

"Pole sana, mama! Na wewe mwalimu, wewe ni mwisho! Kuupandisha wimbo namna ile! Mimi niliyeutunga nisingethubutu. Nimemwambia Elisha, yule anaijua sauti ya mkewe mpaka ukuta wa mwisho. Kweli tupu, nakuonea wivu."

Mama watoto akamtazama mumewe juu ya kikombe. Kama kulikuwa na nafasi ya kusema kweli, ndiyo ile, mlango wazi, shahidi yupo.

"Uzoefu tu," fundi akasema.

Zakayo akaaga akicheka. Mama watoto akaweka kikombe chini, akavua gauni, akalitundika, akajilaza akielekea ukutani.

"Nilifanya makusudi," fundi akasema. "Nilitaka wimbo uharibike, siyo wewe. Nilikuona unamchekea."

Bega halikutikisika. Fundi akakaa kwenye kigoda, akasimama, akakaa tena. Alizoea mke wa kumkatiza, wa kumjibu kabla hajamaliza.

"Basi nitukane, mama watoto. Moja tu. Hata kwa kunong'ona."