Magego kwenye Mstari wa Asubuhi

Mwalimu Mkuu alitoka katika ukoo usio na doa. Baba wa babu yake alikuwa mshika funguo za tangi la maji la mji, na katika uhai wake wote maji hayakupata kuchelewa. Babu yake alikuwa mwalimu wa kwanza wa shule, mtu aliyevaa koti hata wakati wa joto, na ndiye aliyeanzisha ukaguzi wa meno wa kila asubuhi. Baba yake aliurithi ukaguzi huo pamoja na rula ya shaba ya kuinulia midomo ya watoto. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusimama mbele ya hakimu, isipokuwa kutoa ushahidi juu ya wengine.

Kengele ilipolia, wanafunzi walijipanga, wakauma meno na kutanua midomo. Mwalimu Mkuu alipita akiinua mdomo wa juu kwa rula, kisha akishusha wa chini. Meno yakiwa meupe, alisema, "Safi," akaendelea. Yakiwa na uchafu, alimchora mtoto begani kwa chaki, na mwenye chaki alikwenda moja kwa moja kwa daktari wa meno katika kituo cha afya kilichopakana na shule. Mwanafunzi asiye na chaki hakupokelewa. Huo ndio uliokuwa utaratibu.

Kwa kuwa yalikaguliwa meno ya mbele, ndiyo yaliyopigwa mswaki. Akina mama waliwafundisha watoto juu, chini, sukutua, tema. Mswaki haukuvuka pembe ya mdomo. Watu wa mji ule walikuwa na tabasamu la kupigiwa mfano. Mwokaji alikata maganda ya mkate kabla ya kuuza. Mwuza nyama alisaga kila kipande bila kuombwa. Kwenye sherehe wageni walitafuna polepole, kiganja shavuni, kama watu wanaosikiliza habari kutoka mbali. Hakuna aliyeuliza sababu.

Magego yalianza kuja shuleni katika muhula wa mvua.

La kwanza lilikuwa la msichana wa darasa la pili ambaye wote walimwita Kasuku, kwa maana hakujua kunyamaza. Alikuwa mjukuu wa Mwalimu Mkuu, naye aliishi nyumbani kwake pamoja na mama yake, mjane wa mwanawe. Mama alikuwa akimfunga mtoto viatu wakati gego la chini, upande wa kushoto, lilipotoka kinywani, likateremka kwenye sketi, likavuka kizingiti na kushika njia ya shule. Lilikuwa na tundu jeusi katikati. Lilitembea kwa mizizi yake, likichechemea kidogo.

"Mama, limeniacha."

"Lina haraka. Nyanyuka na wewe, usije ukachelewa."

Alipofika alilikuta limekwisha kusimama mwisho wa mstari wa darasa la pili, limenyooka.

"Kasuku, jino lako limekuwahi!" wenzake wakamcheka.

"Langu angalau linajua shule iko wapi," akajibu. "Lako likitoka litaishia kwa muuza peremende."

Baadaye yalikuja mengine: ya wanafunzi, ya mpishi wa shule, ya walimu. Yalipanga mstari wake kando ya mistari ya watoto na kungoja. Jioni yalirudi kwa wenyewe yakiwa na vumbi, yakapanda vinywani na kukaa mahali pake. Wenyewe walisukutua na kuendelea kuumwa, kwani maumivu hayakuwa na desturi ya kutoka.

Mwalimu Mkuu alipoufikia mstari huo mara ya kwanza, alishusha rula akitafuta mdomo wa kuinua. Hakuuona. Ukaguzi, kama alivyoupokea, ulihusu meno yaliyo kinywani, na kinywani yale yanayoonekana. Akapita. Magego yake mwenyewe mawili yalikuwa upande wa walimu. Nayo aliyapita.

Shavu la Kasuku lilianza kuvimba. Uvimbe ukashuka chini ya taya, ukawa mgumu na wa moto, naye akaacha mkate, kisha uji, kisha maneno. Mama yake alimbeba hadi kituo cha afya.

Daktari wa meno alitazama bega kwanza.

"Hana chaki, Mama Kasuku."

"Daktari, acha bega. Tazama shavu."

Daktari alimfungua mtoto kinywa, kadiri kilivyokubali kufunguka. Kwenye ufizi palikuwa na shimo tupu lenye usaha.

"Na jino lenyewe halipo."

"Limekwenda shule."

"Basi hilo lipo mikononi mwa Mwalimu Mkuu. Mlete likirudi."

"Hurudi jioni, nanyi jioni mmefunga."

"Ndiyo maana nasema chaki," daktari alisema, na kwa kweli macho yake yalikuwa yamelowa. "Nikimtibu asiyechorwa, kesho nitakuwa na mji mzima hapa mlangoni, na kiti ni hiki kimoja."

Wakati wa chakula cha jioni mama hakukaa mezani. Alisimama mbele ya mkwewe.

"Baba, nakuomba. Kesho mchore mtoto."

"Nichore nini, mwanangu? Shule nzima haina meno kama yake."

"Sisemi ya mbele. Mtazame nyuma."

"Nyuma hakukaguliwi."

"Hamezi hata maji, Baba!"

Mwalimu Mkuu aliweka kijiko chini, akakinyoosha sambamba na sahani. "Babu yangu alipita mstari ule mpaka alipozeeka. Nikimchora mjukuu wangu kwa jino ambalo yeye hakulitazama, nitakuwa nimesema nini juu yake?"

"Utakuwa umesema mtoto anaumwa."

Kasuku, aliyekuwa amelazwa kwenye kiti kirefu, alisema kupitia meno yasiyoachana, "Babu, leo sijakupigia kelele."

"Kweli," alisema Mwalimu Mkuu. "Umekuwa na adabu sana."

Asubuhi iliyofuata mama alisaga mkaa, akauchanganya na maji, akampaka mtoto meno yote ya mbele mpaka yakawa meusi kama chungu. Akamsindikiza shuleni amemshika mabega asianguke, akasimama naye mstarini. Gego lilikuwa pale pale, karibu na kiatu chake.

Rula iliinua mdomo. Mwalimu Mkuu aliutazama weusi ule kwa muda mrefu, kisha akamtazama mkwewe. Mkono wake wa kushoto uliingia kwenye mfuko wenye chaki.

Mkono ulitoka na leso. Mzee aliilowesha, akapiga goti moja, akayafuta meno ya mjukuu wake moja baada ya jingine, kwa upole ambao shule haikuwahi kuuona kwake, mpaka mkaa ukaisha na weupe ukarudi.

"Safi," alisema, akaendelea mbele.

Mama alimfunga mtoto mgongoni, akatoka langoni mbio. Alimfikisha hospitali ya mji mkubwa mtoto akipumua kwa mluzi. Madaktari walisema usaha umekwisha kushuka shingoni. Walimkata, wakafanya yote waliyoyajua. Mmoja aliuliza liko wapi jino lililoanzisha haya, mama akasema liko mstarini, na yule daktari akaitikia kwa kichwa.

Kasuku alirudishwa nyumbani amefunikwa. Alikuwa na tabasamu jeupe, na waliokuja kuhani msiba walilisifia.

Gego lake bado huhudhuria. Jioni, mengine yanapokwenda kwa wenyewe, lenyewe hurudi nyumbani, hupanda kitanda cha Kasuku, hutafuta kwenye mto wote, kisha hushuka. Mama hulichukua. Hulisugua kwa mswaki mdogo wa mtoto, juu, pembeni, nyuma na ndani ya tundu, taratibu, halafu hulilaza katika kikombe cha maji ya chumvi. Asubuhi hulifungulia mlango.

Mwalimu Mkuu akilifikia, siku hizi huvua kofia. Kisha huivaa na kupita. Mwokaji hukata maganda. Chaki iko mfukoni.

Enyi vijana mnaosimama mistarini, sikieni, wala sitarudia. Rula itakapoinua midomo yenu kesho, msiume meno. Fungueni vinywa mpaka koo lionekane, na msivifunge hata mtakapoambiwa, "Safi."