Mfuniko wa Ndani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kukosolewa sikupendi. Nalisema mapema ili usije ukaniona mwema kuliko nilivyo. Mume wangu, fundi redio, ambaye meza yake iko upande wa pili wa chumba changu cha kazi, husema kwamba saa ya ukutani ikitofautiana nami, basi saa ndiyo mbovu.

Kazi yangu ni vijaluba vya poda: vile vikopo bapa vya chuma, kioo juu, poda chini, ambavyo mama zetu walivifungua kwa ukucha, wakajipaka pua, wakavifunga na kuendelea na mazungumzo. Siku hizi kuna watu wanavikusanya. Wananiletea, navitazama kwa lenzi, nawaambia kimetoka kiwanda gani na miaka ipi, kisha naandika karatasi na kutia sahihi. Kwa miaka ishirini na miwili sikuwahi kuandika jambo nisilolijua. Wakusanyaji ni watu wabishi, wanaweza kubishana hata kama leo ni Jumanne, lakini karatasi yangu hawaibishii.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja mzee, mwembamba, ana fimbo lakini haiegemei.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Ni wewe uliyeniita mwongo?"

Mume wangu akazima redio aliyokuwa akiitengeneza.

Mama yule akaweka mezani vitu viwili: karatasi yenye sahihi yangu, na kijaluba cha duara chenye ua lililochorwa kwenye kifuniko. Nikakikumbuka mara moja. Wiki tatu kabla, alikuwa amekileta fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka kumpa zawadi hicho kijaluba cha bibi yake pamoja na karatasi ya kueleza historia yake. Historia yenyewe alinisimulia akiwa amesimama: baba yake fundi mwenyewe, dereva wa treni ya mizigo, alimnunulia mama yake siku yeye alipozaliwa. Baba akafa ajalini yeye akiwa na miaka sita.

Nilikifungua, nikaona namba iliyogongwa kwenye mfuniko wa ndani, ule unaozuia poda isimwagike. Namba hiyo naijua kwa kichwa. Sikugusa hata daftari langu. Nikamwambia hapo hapo kwamba kitu hiki kimetengenezwa si chini ya miaka mitano baada ya ajali ya baba yake. Kisha, kwa kuwa domo langu halina breki, nikaongeza: "Usijali, dada. Wazazi hupenda kutia chumvi."

Alishukuru, akachukua karatasi, akaenda zake. Mimi nilibaki najiona bingwa.

"Tangu siku hiyo mwanangu haji kwangu," mama yule akasema. "Haulizi, hagombi. Chakula anatuma na mtu. Kijaluba alikirudisha ndani ya mfuko wa nailoni, karatasi yako juu yake. Na mdogo wake, ambaye alizaliwa miezi minne baada ya mazishi, juzi kanipigia simu. Anauliza, kwa heshima zote, kama kuna jambo anapaswa kujua. Mtu mzima ana mvi, ananiuliza mimi baba yake ni nani!"

Nikataka kumwambia namba haidanganyi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama bila kupepesa, nami nikaona afadhali nitazame kijaluba. Nikavuta taa, nikachukua lenzi.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa fundi saa, naye alikuwa na sheria moja: anza na ganda la nje, vya ndani baadaye. Vya ndani huvunjika, vikabadilishwa, ganda halibadilishwi. Sheria hiyo nimewafundisha wengine, nimewakaripia kwayo. Siku ile sikuifuata. Yule fundi cherehani alikuwa akinitazama kwa macho ya kustaajabu, na mimi nilitaka kumjibu kabla hajavuta kiti.

Sasa nikaanza na ganda. Kifungo chake kilikuwa ulimi mwembamba wa kusukumwa kwa ukucha. Kiwanda kile kiliacha kutumia ulimi huo kabla hata yule fundi cherehani hajaanza kutambaa. Pini ya bawaba ya nje ilikuwa ya chuma, laini, kazi ya mashine. Pini ya mfuniko wa ndani ilikuwa kipande cha waya wa shaba kilichokatwa kwa koleo, ncha zake bado zina makali. Mfuniko wenyewe ulikuwa mfupi kidogo, ukiacha mwanya ambao hata ukucha ungeuhisi. Na ukingoni mwa ganda kulikuwa na bonde, mahali palipobonyea, ambalo kwenye karatasi yangu nililiita "dogo, la kawaida". Halikuwa la kawaida. Chuma kilikuwa kimekunjika kuelekea ndani.

Masikio yakaniwaka moto. Mtoto wa shule angeyaona haya.

"Mama," nikasema, "mfuniko huu wa ndani si wa kijaluba hiki. Umetolewa kwenye kingine kipya zaidi. Namba niliyosoma ni ya mfuniko tu. Nimekosea, na nimekukosea."

Sijui kama mume wangu alikuwa amewahi kunisikia nikisema neno hilo. Alikohoa.

"Nani aliubadilisha?" nikauliza.

Mama yule akamtupia jicho mume wangu. Naye, Mungu ambariki, akakumbuka ghafla kwamba waya wa kulehemu umemwishia, akatoka akafunga mlango nyuma yake.

"Asubuhi ile tuligombana," mama akaanza. "Ilikuwa siku yake ya mapumziko, akaitwa kazini, akakubali. Nilikuwa na mimba, nimechoka. Alikuja kuniaga, nikamgeuzia mgongo. Mchana wakaja wenzake wawili, kofia mkononi. Walipoondoka nilikuwa nimekaa mbele ya meza, na kijaluba kiko pale. Nikakirusha ukutani kwa nguvu zangu zote. Nilimkasirikia, mwanangu. Unaelewa? Nilimkasirikia kwa kufa."

Nikamwambia naelewa. Kweli nilielewa; mimi ni mtu wa kurusha vitu.

"Kioo kilipasuka, mfuniko wa ndani ukapinda usifunge tena. Nikavificha vyote sandukuni. Miaka ikapita, fundi mmoja akanitengenezea. Wanangu nimewaambia baba yao alinibusu mlangoni akaenda. Hilo ndilo walilokua nalo. Sasa utawaambia nini?"

Nikatafakari. "Siwezi kuapa nani alikinunua," nikasema. "Naweza kuapa kwamba kilikuwepo kabla ya ajali, tena kwa miaka mingi. Na kwamba kiliharibika, kikatengenezwa."

"Kiliharibikaje?"

"Hilo halimo kwenye kazi yangu."

Nikaandika karatasi mpya pale pale, safari hii daftari likiwa wazi mbele yangu. Tukafunga chumba, tukatembea pamoja mpaka duka la fundi cherehani, mitaa mitatu mbele. Njiani aliniambia natembea haraka mno.

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, anakunja upindo wa gauni jeupe lililovikwa sanamu ya mbao ya kupimia nguo. Alipomwona mama yake alisimama. Alipotuona wawili pamoja akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini alichokifunga mkononi, kwa utaratibu, kama mtu anayejipa muda.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima. Ikaniyeyuka. "Dada, nilikosea," nikasema. "Nilisoma sehemu iliyobadilishwa, sikutazama ganda. Kijaluba ni cha zamani kama alivyosema mama yako. Na lile neno la kutia chumvi, naomba uniachie nilirudishe nilikolitoa."

Akaisoma karatasi polepole, kidole kikifuata mistari. Nilimwonyesha ulimi wa kifungo, pini mbili, mwanya. Alitazama kila kimoja kwa jicho la fundi, maana naye anajua kiraka kikoje. Kisha kidole chake kikafika kwenye bonde la ukingoni.

"Na hapa? Kiliharibikaje?"

Mama yake alikuwa anatazama sakafu. Fimbo ile, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameiegemea.

"Kilianguka," nikasema.

Miaka ishirini na miwili. Nilijisikia ovyo, na bado ningelisema tena.

Fundi cherehani hakunitazama. Alikuwa akimtazama mama yake.

"Siku walipokuja wale wenye kofia," akasema taratibu, "uliniambia nikalale. Sikulala, Mama. Nilisikia kitu kimegonga ukuta, halafu nikakusikia unaokota vipande huku unalia, unamwita baba kwa jina lake. Miaka yote hii nilidhani ulivunja sahani."

Akamfuata mama yake, akamshika mabega, akamkalisha kwenye kiti cha cherehani, akapiga magoti pale pale alipokuwa amepiga magoti mwanzo. Mimi nikaanza kutafuta mlango.

"Subiri," fundi cherehani akaniita, bila kumwachia mama yake mikono. "Irekebishe hiyo karatasi. Andika kilirushwa ukutani. Mwanangu anaolewa, nataka ajue."

Nikamtazama mama yule. Alikuwa amefunika uso kwa kiganja kimoja, lakini aliitikia kwa kichwa.

Kalamu nilikuwa nimeisahau kazini. Nikaandika kwa penseli ya kuchorea nguo.