La Tatu Ni la Mwenyewe

Jana mchana niliota. Watu wa heshima huota usiku, najua, lakini mimi nililala saa nane mchana juu ya meza ya maktaba ya chuo, shavu kwenye daftari, nikaota kama ninavyosimulia hapa. Anayetaka kucheka acheke. Mimi sina kicheko.

Kwanza mnijue. Naitwa Anaeli. Nasoma isimu na ufundishaji wa lugha katika mpango wa kuunganisha: shahada ya kwanza na ya uzamili kwa mkupuo mmoja, miaka minne badala ya mitano. Kazi moja inahesabiwa kwenye shahada zote mbili. Kazi yangu ni maneno ya kikwetu, lugha ya kule milimani ambayo wanaoijua sawasawa sasa hawajazi benchi moja la kanisa. Katika hao, aliyekubali kukaa na mimi na kinasa sauti ni mmoja tu, Bibi yangu Nakijwa, mama yake mama.

Basi, niko ofisi ya usajili. Dirishani hakuna karani. Kuna majoho mawili yamening'inia kwenye misumari, moja la shahada ya kwanza, jeusi tupu, na jingine la uzamili, lenye utepe mwekundu. Nayaamkia. Hayaitikii.

"Wewe ndiye wa shahada mbili kwa mpigo?" linauliza jeusi.

"Ndiye mimi."

"Lete kazi."

Natoa kinasa sauti mkobani, nakiweka dirishani. Kinakohoa. "Afadhali," kinasema. "Nimembeba bibi mzima tangu likizo, mgongo hauko sawa." Sikushangaa. Nilichojali ni foleni, maana mbele yangu hakukuwa na mtu na bado nilikuwa wa arobaini.

"Kila neno limetamkwa mara ngapi?" linauliza joho la uzamili.

"Mara mbili," kinajibu kinasa sauti kabla sijafungua mdomo. Mbea mkubwa.

Majoho yanatazamana, kama joho linaweza kutazama. "Sawa," linasema jeusi. "Kazi moja, shahada mbili. La kwanza langu." "La pili langu," linasema la utepe. "Na la tatu liko wapi?"

"La tatu la nani?" nauliza.

"La tatu ni la mwenyewe. Unamrudishia, anabaki nalo nyumbani. Unadhani kwa nini mnafundishwa kurekodi mara tatu?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Ni kweli tulifundishwa. Mhadhiri alisema na kurudia: kila neno mara tatu, ndipo matamshi yake yaaminike. Lakini orodha ilikuwa ya maneno elfu moja na mia saba, na tarehe ya kukabidhi ilikuwa inanikimbilia. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake jikoni, sauti imeanza kukauka, nikamwambia, "Bibi, mara mbili zinatosha." Akafurahi! Akamwambia mama mdogo kwamba mjukuu wake ana huruma. Huruma gani? Nilikuwa na haraka, basi. Na niliporudi chuoni sikumwambia mtu.

Majoho yanafungua mikono yao, na maneno yanaanza kutoka kwenye kinasa sauti, moja baada ya jingine, kwa sauti ya Bibi. La kwanza linaingia mkono huu, la pili mkono ule. Moto. Maji. Goti. Mkwe. Mvua ya asubuhi. Kila linapopita, najaribu kulidaka, nakuta nimeshika hewa.

"Ngojeni kwanza!" nasema. "Nitarudi nyumbani nikarekodi upya!"

"Nyumbani ni hapa," linasema jeusi.

Kweli. Nageuka, dirisha limekuwa ubao, nina chaki mkononi, niko darasa la nne kwenye mazoezi ya kufundisha. Mezani kuna andalio la somo kwa mwandiko wangu: Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kutaja vitu vitano vya jikoni kwa lugha ya kwao. Darasa zima lina dawati moja. Kwenye dawati amekaa Bibi Nakijwa, amevaa sare, shati jeupe na sketi ya bluu, soksi amezipandisha hadi magotini. Majoho yamekaa nyuma kukagua.

Bibi anasimama. "Shikamoo, mwalimu."

Mnaelewa? Bibi yangu ananiamkia mimi shikamoo. Na kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani, hakukitumia kwangu hata siku moja.

"Bibi, kaa. Ni mimi."

"Ndiyo, mwalimu," anasema, anakaa, anaweka mikono juu ya dawati kama mtoto aliyeonywa.

"Endelea na somo," linasema joho la utepe. "Dakika zinakwenda."

Naendelea na somo. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba niliendelea. Nainua mwiko. "Hiki ni nini?"

Bibi anautazama. Mwiko ule ameusongea ugali miaka sitini, na mimi mwenyewe umenichapa mara mbili tatu, tena kwa haki. "Mkono unakijua, mwalimu," anasema. "Mdomo ndio hauna."

"Kwangu jina lake lipo," linasema jeusi kutoka nyuma.

"Na kwangu," linasema la utepe.

Nainua chungu. Chungu chenyewe kinataka kumsaidia, kinafungua mdomo wake mpana, kinakaa hivyo, kisha kinaninong'oneza, "Nisamehe, mwalimu, na mimi nimesahau ninavyoitwa." Nainua kibuyu, nainua ungo, nalishika figa la moto kwa mikono mitupu na halinichomi. Kila mara Bibi anajaribu. Anafumba macho, midomo inacheza, anatikisa kichwa. Machozi yanamtoka lakini hajipangusi, kwa sababu hajaruhusiwa kuondoa mikono juu ya dawati.

"Mwanafunzi hajui," linaandika jeusi. "Mwalimu ana sauti nzuri, ubao ni safi, zana zinatosha. Alama A."

"A," linakubali la utepe. "Hongera. Umebakiza neno moja tu. Kati ya elfu moja na mia saba, yamefika elfu moja mia sita tisini na tisa."

"Limo humu tumboni mwangu," kinasema kinasa sauti, mbea yule yule. "Halikuwa kwenye orodha. Bibi alilitamka mara moja, mwishoni kabisa, huyu Anaeli akiwa ameshainuka ananizima. Alikuwa anamwita aje ale."

Nikajua ni lipi. Anaeli ni jina langu la ubatizo, la cheti na la chuo. Bibi hajawahi kulitumia. Siku niliyozaliwa alinitazama akanipa jina la kikwetu, lake na langu, hakuna mwingine anayeniita hivyo duniani.

"Limetamkwa mara moja," nasema. "Haligawanyiki. Ni la kwake."

"Ukimpa," linasema la utepe taratibu, bila hasira hata kidogo, "orodha haitimii. Isipotimia kwa shahada moja haitimii kwa zote mbili. Unaanza upya mwaka wa kwanza. Chagua."

Linanisogezea fomu na kalamu. Namtazama Bibi. Bibi ananitazama mimi, mikono bado juu ya dawati, uso una imani tupu, kama anayesubiri nimwambie jibu la swali alilokosa. Nilikuwa nalo jibu. Ningetembea hatua nne tu.

Nikatia sahihi. Siisingizii ndoto, wala majoho hayakunishika mkono. Mkono ulikuwa wangu, na mwandiko ulikuwa wangu, tena mzuri.

"Andika vizuri, mwalimu," akasema Bibi kutoka kwenye dawati lake.

Nikaamka. Daftari limelowa, sijui ni udenda au ni nini. Maktaba iko vile vile, feni inazunguka, msichana wa meza ya jirani anakula karanga kwa siri. Simu inatetemeka juu ya kitabu. Ni mama mdogo, anayekaa na Bibi kule nyumbani.

"Mwanangu, huyu mama tangu alale kidogo mchana huu ameamka hayuko sawa," akasema. "Si mgonjwa, uji amekunywa. Anasema tu anataka kusikia sauti yako. Haya, ongea naye."

Nikasikia simu inabadilishwa mkono, nikasikia pumzi yake.

"Anaeli?" akasema Bibi. Kwa Kiswahili. "Hujambo, Anaeli?"

Nikatoka nje ya maktaba nusura nianguke ngazini. "Bibi," nikasema, "mbona unaniita hivyo? Niite kama siku zote."

"Nakuitaga nani?" akauliza. Hakuwa anatania. Alikuwa anaomba. "Niambie basi, nikuite."

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikalitafuta kichwani, nikalitafuta kwenye ulimi mahali lilipokaa miaka ishirini na tatu. Sikuwa nalo.

Tulikaa hivyo, yeye kule, mimi huku, kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake. Mwisho mama mdogo akachukua simu. "Mbona mmenyamaza wote wawili?" akasema. "Mtandao?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mtandao."