Nzi Asiye na Kazi

Wiki nzima fundi wa kompyuta alikuwa ameziandikia programu mashine za foleni, zile zinazokutemea kikaratasi chenye namba, ukakae usubiri mpaka makalio yafe ganzi. Jumamosi mchana alifika nyumbani hoi bin taaban, akaiwasha kompyuta kuukuu iliyokalia meza ya cherehani ya mama mkwe wake.

"Mwanangu, hujachoka tu?"

"Nimechoka, mama. Ndiyo maana."

Kazini aliandika kwa lugha ya kivivu: unatamka neno moja, mashine inajijazia mengine. Hapa aliiandikia mashine kwa lugha yake yenyewe, hatua kwa hatua, kama anayemlisha mgonjwa: chukua hiki, ongeza moja, weka pale, rudi juu. Ukikosea padogo tu, kioo kinakununia. Miezi mitatu ya kununiwa ilikuwa imemzalia nzi mmoja wa kuchorwa. Alitembea kiooni, akifika ukingoni anasimama, anasugua miguu ya mbele kama mwizi anayepanga jambo, kisha anageuka. Basi. Siku ya kwanza mama mkwe alimtwanga ndala, akidhani ni nzi wa kweli.

Nzi huyo alikuwa na amri tisini na nne. Leo fundi alitaka kumkondesha, zibaki tisini. Nani kamtuma? Hakuna, na ndio utamu wenyewe.

Alikuwa ameshapunguza mbili bosi wake alipopiga hodi, kapitia funguo za ofisi. Macho yakanasa kiooni.

"Hee! Huyu ulikuwa unamficha? Tumpeleke kwenye mashine za foleni! Watu wakisubiri wamtazame. Mgongoni tunambandika nembo ya kampuni. Jumatatu awe tayari."

"Bosi, anaelewa lugha ya mashine hii tu."

"Si utamwandika upya kwa lugha ya kazini? Wewe fundi bwana!"

Fundi akamwona akilini nzi wake kabebeshwa nembo kama punda, na kila wiki maagizo mapya: bawa liwe jekundu, mguu urefushwe. Miaka tisa alikuwa akimjibu mtu huyu "sawa, bosi."

"Hapana," akasema. Haukuwa ushujaa. "Sawa" ilitaka nguvu, naye hakuwa nazo.

"Hapana nini?"

"Huyu si wa kazi."

"Sasa ni wa nini?"

Mama mkwe akadakia: "Kwani baba, kwako kila kitu kina kazi? Hata kitambi?"

Bosi akacheka upande mmoja wa mdomo, akachukua funguo. "Jumatatu saa moja kamili uwe ofisini," akasema, na mlango akaufunga kwa kishindo.

Fundi akarudi kukaa. Akajishtukia anapiga hesabu: nembo ingekula amri kumi na moja. Kumi, ukiwa mjanja. Akajisonya mwenyewe, akaegemea ukuta.

"Sasa anafanya nini huyo?" mama mkwe akauliza.

"Anasugua miguu."

"Halafu?"

"Halafu anageuka."

"Makubwa!" Mama mkwe akavuta kigoda. "Hebu sogea nimwone."